Nilivyoipeleka Chupa ya Mvua Kwenye Mashamba ya Ngano

Kila Jumapili tukitoka kanisani mnaniuliza, mmoja anaanzia huku, mwingine anamalizia kule, na habari ikifika Dongobesh imeshaota mikia: eti nilipanda ndege, eti nililoga wingu. Ndege sikupanda. Wingu sikuliloga. Nimekaa na daftari na nimeandika mwenyewe kwa mkono huu, ingawa shule yangu iliishia darasa la tatu, pale baba alipotaka mtu wa kuchunga. Someni, kisha mniache nipike.

Niliondoka kwa sababu ya barua ya Yasinta. Yasinta mnamjua, ni mjukuu wangu niliyemlea tangu akiwa na miaka minne, akasoma hadi akasomea mambo ya hali ya hewa. Miaka hiyo mashamba ya ngano ya serikali kule Hanang yalikuwa bado na nguvu, na yeye aliajiriwa huko. Kazi yake ilikuwa kompyuta. Inahesabu mawingu, inasema lipi lina maji, kisha ndege ndogo inapaa na kulinyunyizia chumvi ili linyeshe. Ndivyo alivyonieleza, nami niliwaeleza ninyi, na baadhi yenu mlicheka. Sijasahau ni akina nani.

Mimi pia nilikuwa na kazi katika jambo hilo. Yasinta alikuja na kopo la bati lenye mdomo mpana, akalisimika kwenye uwanja wangu mbali na miti. Ndani ya kopo hukaa chupa, mvua ikinyesha maji yanashuka humo. Kwa sababu macho yangu hayaoni vile vistari vyembamba vya kupimia, tukakubaliana hivi: kila Jumanne ya gulio, Hamisi mwenye lori anachukua chupa ya wiki, anampelekea Yasinta, na ananirudishia ile ya nyuma. Kila chupa iliporudi ilikuwa imefungiwa kipakiti cha majani ya chai shingoni. Mtoto ana adabu. Nimemlea mimi.

Jumanne hiyo chupa ilikuja na majani ya chai na barua. Niliisoma taratibu, mstari kwa mstari:

“Shikamoo bibi. Mimi ni mzima ila kazi haiendi vizuri. Kompyuta inasema mawingu ya kaskazini yana maji, ndege inapaa, inarudi, mvua hakuna. Sasa ni mara ya tano. Meneja amesema tukikosea tena kabla ya Jumamosi kuisha, mashine inarudishwa kwenye sanduku lake na mimi narudishwa nyumbani. Usiwe na wasiwasi. Niombee.”

Usiwe na wasiwasi! Mtu anakuandikia hivyo ili uwe nao. Kuomba niliomba, lakini njiani. Nilimwambia Hamisi, “Chupa ya wiki hii usiichukue. Nitaipeleka mwenyewe kesho, na mimi nikiwa nimeishika.”

Usiku ule sikufungasha vingi. Mayai, kibuyu cha maziwa ya mgando, kitenge cha kubadilisha. Mvua haikuwa imenyesha kwetu siku tisa. Chupa niliiandaa kama nilivyoiandaa kila wiki, nikaikaza kizibo, nikaizungushia kitambaa safi. Hapo kwenye kuiandaa ndipo mambo yote yalipo, lakini tutafika.

Jumatano, saa kumi na mbili asubuhi, Dongobesh. Lori la Hamisi lilikuwa limejaa magunia ya maharage. Aliniona na fimbo yangu akasema, “Shikamoo bibi. Unakwenda kupigana?”

“Marahaba. Ikibidi.”

“Basi kaa mbele. Wapiganaji hawakai juu ya maharage.”

Tukashuka mteremko wa Dareda. Wale mliowahi kuushuka mnajua: unaona bonde lote chini kama umelitandika kitandani, na moyo unabaki juu. Breki zilinuka kama chungu kilichoungua. Nilimwambia Hamisi aendeshe kama amebeba mjamzito. Akasema, “Bibi, wewe ni mkunga, ungeniambia mapema ni wa miezi mingapi.” Nilicheka hadi nikasahau kuogopa. Chupa ilikuwa kwenye mapaja yangu, haikutingishika.

Saa tano tulisimama Nangwa kupumzisha injini. Hapo Mlima Hanang umekukalia usoni, siku hiyo ukiwa mtupu, bila kitambaa cha wingu kichwani. Mahindi ya pembeni ya barabara yalikuwa yamejikunja majani. Mama mmoja wa Gitting mwenye kapu la vitunguu alikuwa akiwasimulia wenzake kwa sauti, “Mnaiona ile ndege ya ngano? Ndiyo inayofukuza mawingu. Kila ikipaa, kunakauka.”

Nikamwambia, “Anayeituma ni mjukuu wangu.”

Akanitazama kuanzia kilemba hadi viatu. “Basi mwambie atuhurumie, bibi.”

“Nitamwambia. Na wewe nipunguzie kitunguu.”

Alinipa viwili bure, lakini maneno yake nilibaki nayo njia nzima. Nilikuwa nimeondoka nikidhani ni meneja mmoja tu anayemsema Yasinta vibaya. Kumbe ni wilaya.

Jioni, Katesh. Nililala kwa Mama Zuhura, dada yake Hamisi, mwenye duka la nguo karibu na msikiti. Upepo wa Katesh ulikuwa unapiga mabati kama watu wanaodai kuingia. Alinipikia wali na nyama, akakaa mbele yangu na kunichokoza: “Ninyi wa Mbulu ndio mnaotumalizia mvua. Mnainywa yote huko juu, sisi mnatuachia upepo.”

“Upepo wenu ni wenu, sisi hatukuutuma,” nikamjibu. “Na mwaka huu hata sisi hatujanywa. Kwetu ni siku tisa kavu.”

“Siku tisa?” alisema. “Ajabu. Mbona watu wa shambani wanasema huko juu inanyesha kila wiki?”

Nilidhani ni maneno ya sokoni. Niliomba niongezewe wali.

Alhamisi asubuhi lori la shamba lilinichukua, tukapita Hirbadaw na kuendelea. Sijawahi kuona ardhi iliyolala vile. Kwetu shamba linapanda na kushuka, ukilima upande mmoja humwoni aliye upande wa pili. Kule macho yanatembea mpaka yanachoka na ngano bado ipo. Ilikuwa imeota urefu wa vidole viwili, na ncha zimeanza kuwa njano. Pembeni tulipita wazee wa kifugaji wakiswaga ng'ombe kuzunguka mpaka. Dereva akaniambia zamani walichunga humo humo ndani, sasa wanazunguka. Hawakutupungia mkono. Nisingepunga hata mimi.

Saa nne tulifika. Yasinta alinikimbilia, akainamisha kichwa, “Shikamoo bibi!” na kabla sijaitikia vizuri nikaona mifupa ya mabega yake. Mtoto alikuwa amekonda kama mwiko.

“Yuko wapi huyo meneja?” nikauliza.

“Bibi, tafadhali.”

Meneja alitoka mwenyewe, mtu mzima mwenye miwani, akaniamkia kwa heshima. Nikaitikia, kisha nikamwambia mbele ya watu, “Mwanangu, nimetoka mbali. Huyu mtoto hakosei hesabu tangu akiwa anahesabu kuku wangu. Kama kuna mtu anayeharibu kazi hapa, ni mwingine. Na mimi sitaondoka mpaka nimemtafuta nimpate.”

Meneja akasema, “Tafuta, bibi. Ukimpata nitakushukuru.” Wafanyakazi wakacheka pembeni. Nikawaacha wacheke.

Wakaniingiza kwenye chumba cha kompyuta. Nilitegemea kitu kikubwa. Ni sanduku lenye kioo, na maandishi ya kijani yanatembea humo kama siafu, na nje jenereta inanguruma kwa ajili yake tu. Yasinta alinieleza kwa Kiswahili cha kawaida. Ndani yake wameandika Hanang yote na Mbulu yote: mlima una urefu gani, bonde liko wapi, upepo unatoka wapi mwezi gani. Kisha kila siku wanailisha habari mpya za joto, za upepo, na za mvua iliyonyesha kwenye makopo. Yenyewe inahesabu mawingu ya kesho yatakuwaje.

“Haitengenezi mvua, bibi. Wala ndege haitengenezi. Wingu lisilo na maji hata ulimwagie gunia zima la chumvi, halitoi kitu. Inatuambia tu lipi limekaribia.”

“Nimeelewa,” nikasema. “Mimi nazalisha wanawake wenye mimba. Asiye nayo hata nimkande siku nzima, tutachoka wote.”

Rubani, kijana mmoja mcheshi aliyekuwa amekaa dirishani anakula muwa, akasema, “Bibi ameeleza kwa neno moja. Mimi nilieleweshwa siku tatu.”

Yasinta akaendelea, na sasa sauti ilikuwa chini. Upepo wa majira yale unatoka kaskazini, unapita kwetu juu kwanza, ndipo unashuka kwao. Kwa hiyo kopo linalotazamwa kuliko yote ni langu. Kwangu kukinyesha, kompyuta inajua upepo una maji, inasema pandisheni ndege. “Na kwako kunanyesha kila wiki, bibi. Ndege inapaa. Halafu mawingu yanakuwa makavu. Nimeikagua hesabu yote mara ishirini, sioni kosa.”

Nikafungua kitambaa, nikampa chupa. Akamimina maji kwenye bomba la kioo la kupimia, akainama kusoma. “Milimita kumi na mbili,” akaandika. Kisha, kwa sababu safari hii mleta chupa nilikuwepo na si Hamisi, akauliza tu kwa mazungumzo, “Ilinyesha siku gani, bibi?”

“Haikunyesha.”

“Hata kidogo?”

“Hata wingu la kufunika jua. Siku tisa kavu hadi naondoka.”

Akaniangalia. Akaangalia bomba. “Sasa haya maji ni ya nini?”

“Ya kisima. Nimechota mwenyewe, nimeyachuja kwa kitambaa.”

Rubani aliacha kutafuna.

“Kwa nini, bibi?”

“Kwa nini! Wewe unaniletea majani ya chai kila wiki, na mimi nikurudishie chombo kikiwa kitupu? Mimi ni mtu wa namna gani? Tangu lini chombo cha mgeni kikatoka nyumbani kwangu kitupu?”

Nilikuwa bado nasema kwa ukali wakati maneno yangu mwenyewe yaliponirudia masikioni. Nikaketi. Hakuna aliyenikaribisha kiti, nilikikuta tu chini yangu.

Meneja alikuwa amesimama mlangoni. Akauliza taratibu, “Kila wiki, bibi? Kiasi kile kile?”

“Hapana. Kiasi kile kile kila siku ni dharau. Mara nusu kikombe, mara kikombe, mara kidogo zaidi.”

“Ndiyo maana hatukugundua,” alisema Yasinta. Alikuwa ameshika kichwa, na nilidhani analia, kumbe anacheka huku analia. “Nimekulia nyumba hiyo. Nilitakiwa kujua. Mimi ndiye niliyefunga majani ya chai!”

Meneja hakucheka. Akasema, “Mama, sikulaumu. Lakini basi miezi hii yote tumeilisha mashine uongo. Haifai kitu. Kesho tuifunge, tusisubiri Jumamosi.”

Hapo nikasimama. Nilikuwa nimekuja kumtafuta mharibifu na nilikuwa nimesafiri naye tangu Dongobesh, nimekaa naye kiti cha mbele. Aibu ilinishika masikio. Lakini aibu yangu isingekuwa sababu ya mtoto kurudi nyumbani.

“Mkosaji nimempata, kama nilivyosema,” nikamwambia. “Ni mimi. Sasa nipe nafasi nirekebishe. Chupa ni ngapi?”

“Tisa pamoja na hii,” alisema Yasinta.

“Chukua kalamu. Ya kwanza, wiki ile ng'ombe wangu mwekundu alizaa. Alizaa kwenye tope, nilimvuta ndama nikaanguka naye. Ilinyesha kweli, chupa ilikuwa na maji yake, sikuongeza. Chupa yenye kitu unaijaza ya nini? Ya pili, tulimzika mzee wa jirani. Kaburi walichimba kwa sururu, ardhi ngumu kama sakafu. Hiyo ni maji yangu. Ya tatu, yangu. Ya nne, kipaimara, wasichana walilowa hadi shela zikawagandia usoni. Ya Mungu. Ya tano…”

Nilizitaja zote. Zilizonyesha kweli zilikuwa tatu. Sita zilikuwa kisima changu. Meneja aliuliza, “Una hakika, mama?” nikamjibu, “Mimi siku ya kuzaliwa kwangu siijui, lakini siku ya mvua siisahau. Tunakula nini kule?”

Yasinta akafuta namba sita, akaandika sifuri sita, mashine ikaanza kuhesabu upya. Inachukua muda, si kama mnavyodhani. Tulikunywa maziwa yote ya kibuyu tukiisubiri. Jioni ikatoa jibu: kaskazini kukavu, msipae. Jumamosi, baada ya saa nane mchana, mawingu yatajengeka upande wa mlima. Hayo yatazameni.

Ijumaa saa sita mchana yakaja mawingu. Na yalitoka wapi? Kaskazini! Makubwa, meupe, yamejaa kama sufuria ya ugali wa harusi. Wafanyakazi wote walitoka nje. Meneja alivua miwani akaifuta akaivaa tena.

“Yasinta, yale si mawingu?”

“Ni mawingu, mzee. Hayana kitu.”

“Tusipopaa na yakanyesha Singida, utasema nini?”

Yasinta akageuka, akayatazama mawingu tena. “Nitasema nimekosea, na nitafunga sanduku mwenyewe. Lakini tusipae.”

Nilitamani kuongea. Nikang'ata ulimi, niulizeni ni kazi gani kwangu. Rubani akanikaribia, “Bibi, wewe unaonaje?”

“Mimi maoni yangu yameshapimwa kwa milimita,” nikamwambia. “Muulize yeye.”

Ndege haikupaa. Mawingu yakapita juu yetu kwa maringo yote, na kufikia saa tisa yalikuwa yamechanika vipande vipande kama pamba iliyochokonolewa. Tone halikudondoka. Meneja akaingia ofisini, lakini mlango hakuubamiza.

Jumamosi anga ilikuwa safi kama sahani. Saa nne, safi. Saa sita, safi. Madereva wa trekta wakaanza: “Yasinta, tulete sanduku au utalibeba mwenyewe?” Nikawauliza kama mama zao waliwafundisha kuongea hivyo na mtu anayefanya kazi. Wakaniomba radhi, mmoja akaniletea kiti.

Saa nane na robo, wingu moja likasimama begani mwa Hanang. Likaja la pili. Yakashikana, chini yakawa ya rangi ya bluu iliyoiva. Yasinta akatoka chumbani na karatasi, akasema neno moja tu: “Sasa.”

Walipakia chumvi iliyosagwa laini kama unga wa uji. Nilimwambia rubani, “Mimi chumvi naitia kwenye maharage, wewe unayatilia mawingu. Usizidishe.” Akacheka, akapaa. Ndege ilikwenda hadi ikawa kama nzi, ikazunguka chini ya lile tumbo la wingu, ikapotea, ikatokea, ikarudi.

Tukangoja. Yasinta alinishika mkono kama alivyonishika siku ya kwanza ya shule. Saa kumi kasoro tulisikia kwanza harufu, kisha sauti, inatembea juu ya ngano kutoka upande wa Hirbadaw. Ilinyesha! Mashamba mawili ya mashariki yalilowa chapachapa. La tatu lilipata nusu. Ofisi ya meneja ilipata tone moja, nalo lilimwangukia kwenye miwani. Watu walicheza kwenye tope, na mimi nilikuwemo, msiulize zaidi.

Nilimuuliza rubani kama ni chumvi yake iliyofanya. Alinijibu kwa uaminifu: “Bibi, pengine lingenyesha hata bila mimi. Pengine lingenyesha pungufu ya hapo. Ninachojua ni kwamba leo nilitumwa kwenye wingu lenye maji, na wiki zote zile nilitumwa kwenye maji ya kisima chako.”

Meneja akamwita mtu wa stoo mbele yetu. “Lile sanduku la mbao la kurudishia mashine lipasueni, mfanye kuni.” Kisha akanigeukia. “Mama, kopo lako utaendelea nalo?”

“Nikupe nani mwingine? Jirani yangu ana bata, wataogea humo.”

Jumapili nilisali nao chini ya turubai, Jumatatu nikarudi. Katesh, Mama Zuhura alinipokea akiwa ameanika nguo upya, anasema wamepata manyunyu na vumbi limetulia, na kama ni sisi wa Mbulu tulioachia, tuendelee. Katesh, Mama Zuhura alinipokea akiwa ameanika nguo upya, anasema wamepata manyunyu na vumbi limetulia, na kama ni sisi wa Mbulu tulioachia, tuendelee. Mteremko wa Dareda kuupanda si kama kuushuka, nililala njia nzima.

Nilichojifunza nawaambia wazi. Nilidhani mashine ile ni mgeni wa kukirimiwa. Si mgeni. Ni kama mimi ninapomuuliza mjamzito damu imetoka au haijatoka: akinidanganya ili anifurahishe, tunampoteza. Kukavu uiambie kukavu. Ni vigumu kuliko mnavyofikiri. Mimi nimeishi miaka yote hii bila kumwambia mtu yeyote mlangoni kwangu kwamba hakuna.

Jumanne iliyofuata, gulio. Haikuwa imenyesha. Hamisi alisimamisha lori, nikampa chupa. Akaitikisa sikioni.

“Bibi, mbona haina kitu?”

“Haina. Ipeleke hivyo hivyo.”

“Tupu kabisa?”

“Tupu kabisa. Na hiki kikapu kiweke mbali nayo kabisa, kina mayai sita ya mjukuu wangu. Ukifika mwambie chupa ni ya kompyuta, mayai ni ya kwake, asije akayapima.”